Bendera ya babu: fundi aweke gundi kando kwanza

SWALI: Shikamoo. Babu yetu alikuwa mwanachama wa TANU. Ametuachia bendera ya kijani na nyeusi iliyokaa sandukuni miaka mingi, na alikuwa akisema ni ya siku ya Uhuru. Tunataka kuitia kwenye fremu. Fundi anasema ifuliwe, ipigwe pasi, kisha ibandikwe kwa gundi kwenye ubao. Ni sawa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Si sawa, na gundi ndiyo mbaya kuliko yote, maana hiyo haitoki tena.

Ila kwanza tuijue ni bendera gani. Ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi, kijani. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya taifa ilichukua rangi hizohizo, ikaongezwa mistari myembamba ya njano kila upande wa nyeusi. Wewe hukutaja njano. Huenda haikuwepo, au imepauka hadi haionekani. Itazame mchana karibu na dirisha, ufunue taratibu mshono unaounganisha kijani na nyeusi, kule ndani jua lisikofika. Ukikuta njano, basi mna bendera ya Tanganyika, ambayo haikufikisha miaka mitatu: mwaka 1964, baada ya Muungano na Zanzibar, ikaja hii yenye buluu. Usipoikuta, msinune. Mimi bendera ya tawi iliyochakaa mikutanoni naipenda kuliko mpya iliyolala kabatini. (Wapo wanaoniapia kwamba yao ndiyo aliyoipandisha ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru. Hawawezi kuwa nayo wote, jamani.)

Halafu kitambaa. Chomoa uzi mmoja uliokwishafumuka pembeni, uende nao mbali na bendera, uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukinuka karatasi, pamba. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga, nailoni. Sufu ni chakula cha nondo. Ukiona vitundu, ifunge kwa shuka safi, uitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikae kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usiufungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo umande utatua juu ya kitambaa.

Kufua hapana: rangi za zamani huchuja, kijani kikaingia kwenye njano. Vumbi litoe kwa brashi laini. Doa liache, huenda ni la mvua ya siku yenyewe. Pasi nayo hapana. Mikunjo italegea ukiitandaza siku kadhaa.

Kwa fremu, nunua amerikani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), uifue mara kadhaa kwa maji ya moto bila sabuni mpaka wanga uishe, uivute juu ya ubao, kisha ushone bendera juu yake kwa uzi mwembamba, mishono mirefu isiyokaza. Pini na stepla zitakuletea kutu. Kioo kisiguse kitambaa. Fundi aweke vijiti vya kuacha nafasi ya kama sentimita 1, kwa sababu kwa unyevu wa Tanga kitambaa kilichobanwa na kioo huota ukungu. Itundike ukuta wa ndani, usiotazamana na dirisha.

Nyuma ya fremu weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli: tawi la babu, nani alimpa bendera, nani aliitunza. Kadi yake ya TANU mkiipata, humo itieni nakala tu.