Majiko mapya ya kuni ya Ulaya: yanapunguza moshi au ni biashara tu?

Yanapunguza, tena sana. Moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua, gesi na chembe zinazotoroka kabla ya kushika moto. Hayo majiko ya kupasha nyumba joto yana safu ya vitundu juu ya miali, vinapuliza hewa iliyokwisha pata moto, basi moshi unaungua mlemle ndani kabla haujafika kwenye dohani. Mimi nafua majiko ya bati hapa Kongowea, Mombasa, na kanuni ni hiyohiyo: ukiyatoboa matundu ya juu vizuri, unaona moto unatoka kwenye vitundu vyenyewe na sufuria haifanyi masizi mengi.

Marekani tangu 2020 jiko jipya halitakiwi kutoa zaidi ya gramu 2 za chembe kwa saa (2.5 likipimwa kwa kuni za kupasua za kawaida). Lakini hicho ni kipimo cha maabara. Tia kuni mbichi, au bana hewa usiku ili moto ulale hadi asubuhi, na moshi unarudi palepale. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20.

Na kuna wanaosema Mombasa hatuna shida ya moshi: nje ni kweli, kusi na kaskazi zinapeperusha. Huko Ulaya, usiku wa baridi usio na upepo, hewa ya joto hukaa juu kama kifuniko na moshi unabaki chini. Ila mama wa mahamri kwenye kibanda cha mabati anauvuta mwaka mzima.