Tela la Kulalia Hapa Tanga: Usiligeuzie Kisogo Likiegeshwa

Kila nikisimama kujaza mafuta Muheza au nikiegesha Raskazone kupunga upepo, swali ni lile lile: hiyo nyumba ya magurudumu inahimili barabara zetu kweli? Inahimili. Kutoka Tanga mjini hadi Segera ni lami ya kama kilomita 70, na tela dogo lililopangwa mizigo yake vizuri halina shida nayo. Kinachoyamaliza matela huku pwani ni ile miezi yanayokaa uani yakisubiri likizo ya watoto. Chumvi inakula, mvua inapenya, panya wanatafuna, na mwenye mali anapita pembeni kila asubuhi akienda kazini bila kuona kitu.

Langu ni la ekseli moja, urefu wa mita 4. Likiwa tupu lina kilo 650, na mwisho wake ni kilo 1,000. Ndani kuna kitanda cha watu wawili, jiko la gesi la pleti mbili, meza ya kukunja na tangi la maji la lita 40. Watoto hulala kwenye hema pembeni, na wanapapenda kuliko ndani.

Nianze na beringi, kwa sababu ndizo zinazowaacha watu porini. Tela likikaa miezi bila kusogea, beringi hukaa pale pale, na unyevu wa bahari huweka vidoa vya kutu mahali chuma kinapokutana na chuma. Ukiondoka, vile vidoa vinageuka mashimo, mashimo yanageuka joto, na joto linayeyusha grisi. Kwa hiyo kila mwezi ninalisogeza tela hatua chache ili magurudumu yazunguke, na mara moja kwa mwaka nafungua kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, hata kama sijaenda mbali.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini haitaki haraka. Nyanyua kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kuna kitu. Lizungushe usikilize: likinguruma, beringi imekwisha. Ukishafungua, osha beringi kwa mafuta ya taa mpaka chuma king'ae, kausha, halafu weka donge la grisi mpya kiganjani na uikandamize beringi kwa upande wake mpana, kidogo kidogo, hadi uone grisi ikichomoza upande wa pili kati ya kila kigololi. Hapo imeshiba. Kuipaka juu juu hakusaidii. Wakati wa kufunga, kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze na uirudishe kwa nguvu ya vidole tu. Pini ya kuzuia nati iwe mpya, na ile sili ya mpira nyuma pia. Fundi mmoja wa Ngamiani aliwahi kuniambia, "Kaka, hii sili bado nzima, twende nayo." Nikamjibu, "Fundi, bei yake ni ndogo kuliko kunivuta kutoka Mkata. Weka mpya." Akacheka, akaweka mpya.

Ukiondoka Tanga, Segera ni kituo kizuri cha kwanza. Kabla ya chai, shuka usogeze mgongo wa mkono karibu na habu za pande zote mbili. Vuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, usiendelee. Hapo hapo kaza nati za magurudumu, kwa sababu gurudumu lililofunguliwa hulegea ndani ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo.

Tairi nazo zina hila yake. Kwenye gari zinakwisha kwa kutembea, kwenye tela zinakwisha kwa jua. Kashata, yale meno ya tairi, zinaonekana mpya kabisa ilhali ubavu umeshapasuka nyufa nyembamba. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho kwenye kile kisanduku kidogo: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikifika miaka mitano au sita, ziage, hata kama muuzaji anakuapia kuwa hazijawahi kugusa barabara. Mimi nazifunika kwa vipande vya turubai upande unaopigwa na jua la jioni.

Turubai liishie hapo kwenye tairi. Wengi hulifunika tela zima wakidhani wanalilinda, kumbe wanaufungia unyevu ndani. Kwa hali ya hewa ya Tanga, ukungu utaota kwenye godoro kabla kusi halijaisha. Dawa ni hewa: simamisha godoro, acha milango ya makabati wazi, acha tundu la juu limefunguka kidogo na wavu wa mbu umekazwa. Banda la makuti au bati lililo wazi pande zote ni bora kuliko turubai la bei yoyote. Ila usiegeshe chini ya mnazi. Nazi ikidondoka inatoboa paa.

Paa lenyewe lipande au liangalie kwa ngazi kila Februari, kabla ya masika. Maji hayaingii katikati ya bati, yanaingia kwenye maungio: pembeni, kuzunguka dirisha la juu, na kila penye skrubu. Ndani, pita na kidole gumba kwenye kila kona, chini ya madirisha na nyuma ya makabati, ubonyeze. Mbao nzuri inakurudishia kidole. Mbao iliyooza inabonyea kama mkate uliolowa, na mara nyingi rangi ya juu bado ni nzuri tu. Ukiona hivyo, maji yameshaingia zamani. Toa gundi ya zamani yote, futa kwa spiriti, kisha ziba kwa gundi ya poliyurethini. Silikoni ya madirisha ya nyumba usiiguse: inaachia mapema, na ikishapakwa hakuna gundi nyingine itakayoshika pale. Anayetaka kununua tela kwa mtu nampa neno hilo hilo: nenda kaliangalie siku mbili baada ya mvua kubwa, na uende na kidole gumba chako.

Chini, chumvi. Ukirudi kutoka ufukwe wa Kigombe au Ushongo, suuza chasisi, springi na habu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, sio wikiendi ijayo. Kuoga kwa juu ni urembo, chini ndiko kwenye uhai. Penye mkwaruzo piga brashi ya waya, paka praima ya zinki, ndipo rangi. Na unapoegesha kwa muda mrefu usiache hendibreki imevutwa, kwa maana viatu vya breki hushikana na ngoma yake na siku ya safari gurudumu haliendi. Weka vizuizi vya tofali mbele na nyuma ya tairi. Nasema tofali kwa sababu vipande vya mbao hapa kwetu ni karamu ya mchwa, na wakishapata mbao ya chini watapanda mpaka sakafuni.

Betri ya taa na feni ichajiwe kila mwezi. Ya kawaida ya volti 12 ikijaa na kutulia husoma kama 12.7. Ikishuka chini ya 12.2 umeshatumia nusu, na ikiachwa hivyo kwa wiki inakufa.

Sasa safari. Kosa ninaloliona sana ni mzigo kurundikwa nyuma kwa sababu mlango au buti liko huko. Takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela inatakiwa iegemee kwenye gari: tela la kilo 800, basi kilo 80 kwenye ndoano. Pima kwa mizani kabla hujatoka. Madumu ya maji, mtungi, kreti za soda, vyote vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na ukitupia mawili kwenye kona ya nyuma, tela litaanza kuyumba mkia lori likikupita kwa kasi maeneo ya Korogwe. Likiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usishindane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, liache litulie lenyewe.

Angalia pia tufe la chuma la gari na kikombe cha tela kama vinaoana. Matela ya Ulaya na Afrika Kusini hutumia tufe la milimita 50, ya Marekani hutumia la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja, kumbe kikombe cha 50 hakikai sawasawa juu ya 50.8. Minyororo ya usalama ipishane chini ya ndoano, ili kikombe kikichomoka mdomo wa tela udakwe usichimbe lami. Tela lina usajili wake na namba yake, kwa hiyo bima na taa zake za nyuma zihakikishe kama unavyohakikisha za gari. Kwenye vijiji mwendo ni 50, na matuta yako mengi: yakishapita magurudumu ya gari usikimbilie mafuta, subiri na la nyuma lipite.

Lushoto ni raha, na ndiko tela linakopimwa. Kutoka Mombo kwenda juu kupitia Soni ni kama kilomita 33 za kona nyembamba, na unapanda takriban mita 1,000. Kupanda ni suala la injini na subira. Kushuka ndiko kazi: shuka kwa gia ile ile uliyopandia, na breki iguswe na kuachiwa, isishikiliwe. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta sehemu pana, pumzika nusu saa. Amani, kwenye bustani ya mimea juu ya Muheza, sikushauri uende nalo. Bustani ile iliyoanzishwa mwaka 1902 inastahili kuonwa, lakini barabara ya kupanda kutoka Muheza ina sehemu za vumbi na utelezi. Liache tela Muheza kwa mtu unayemwamini, upande na gari tupu.

Jambo moja la Lushoto nalisema kwa msisitizo. Mwezi wa Julai usiku ni baridi kweli, na watu wa pwani hatukuzoea. Usiingize jiko la mkaa ndani ya tela hata kwa dakika kumi. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na chumba ni kidogo mno. Chukua mablanketi. Gesi nayo isafiri imefungwa kwenye mtungi, mtungi umesimama, na yale matundu ya sakafuni yasizibwe na zulia: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, na hapo ndipo inapopata njia ya kutoka.

Ukielekea Pangani na unataka kuvuka kwenda Bweni kwa kivuko, vuka maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali na mkia wa tela unakwaruza.

Na popote utakapolala nje ya kambi rasmi, piga hodi kwanza. Fika kabla ya magharibi, muulizie mwenyekiti wa kitongoji, mwamkie, mweleze ninyi ni kina nani na mnalala siku ngapi. Kigombe mzee mmoja alitupokea na "Marahaba, wanangu, karibuni," kisha akatuhamisha hatua hamsini kutoka pale tulipokuwa tumepapenda, kwa sababu bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lingefika. Usiku lilifika pale pale aliposema. Asubuhi alituletea madafu, na mke wangu akampelekea mkewe sukari na majani ya chai. Siku hizi tukipita hatuulizi tena pa kuegesha, wanatutunzia nafasi kando ya mti wa mkungu.