Kuwasha kwa Mara ya Kwanza Injini ya Turbo Iliyotoka Kufanyiwa Ovahoo

Wenye magari wengi huvumilia wiki kadhaa wakingoja vipuri vya ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifunga upya, lakini injini ikisharudishwa mahali pake uvumilivu huo huwaishia ghafla, na kila aliye gereji hutaka kusikia mlio. Nimefunga injini nyingi za EJ20, zile za Subaru Forester na Impreza zenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi) ambazo zimejaa Nairobi, na msimamo wangu ni kwamba injini mpya haiharibiwi sana na mwendo wa kasi wa mwezi wa kwanza kama inavyoharibiwa na sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijafika inakotakiwa.

Shafti ya turbo haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inapofanya kazi. Oili hiyo hutoka kwenye pampu, hupita kwenye filta na mifereji ya bloku, kisha ndiyo ipande kwa bomba jembamba hadi kwenye turbo. Katika injini iliyotoka kufunguliwa njia yote hiyo ni tupu. Oili nzito ambayo fundi alipaka kwenye beringi za krankishafti wakati wa kufunga huzilinda kwa mizunguko michache, lakini turbo haina akiba yoyote isipokuwa ile uliyoitia kwa mkono wako.

Kwa hiyo itie. Kabla ya kufunga bomba la juu, mimina oili safi katika tundu la kuingilia huku ukizungusha feni ya turbo kwa kidole mpaka uone tundu limejaa. Pampu ya oili nayo ijazwe vaselini au oili nzito wakati wa kufungwa, maana ikiwa kavu hushindwa kuvuta. Filta ya EJ20 hukaa chini ya injini ikiwa imeelekeza mdomo juu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuifunga ikiwa tupu. Baadhi ya injini za Subaru zina chujio dogo la wavu ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, na chujio hilo likiziba turbo hufa kimya kimya. Lisafishwe au libadilishwe. Ikiwa kilichoiharibu injini mwanzoni ni beringi kusagika, nunua kipoza oili kingine. Najua mteja hulalamika, kwa sababu kile cha zamani kinaonekana kizima, lakini chembe za chuma zilizojificha ndani yake haziondoki zote hata ukikiosha kwa petroli siku nzima. Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, nayo ifunguliwe na kuoshwa, hasa ikiwa turbo iliyotangulia ilivunjika.

Baada ya hapo zungusha injini bila kuiwasha. Ng'oa plagi zote, chomoa waya za koili na za nozeli ili petroli isimwagike kwenye silinda, kisha piga stata kwa sekunde 10 hivi, uipumzishe ipoe, urudie. Kwa injini za dizeli kama 1KZ-TE ya Toyota Prado, tenganisha waya wa solenoidi inayokata mafuta kwenye pampu. Sitegemei taa ya dashibodi peke yake. Hufunga geji ya muda mahali pa swichi ya presha ya oili na kungoja sindano ipande. Hata hapo sijaridhika mpaka nilegeze bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo na kuiona oili ikidondoka.

Bomba hilo la kurudisha linastahili jicho la pekee. Oili hushuka humo kwa uzito wake tu, bila kusukumwa, kwa hiyo mpira uliokunjika au kipande cha silikoni kilichobanwa ndani hutosha kuizuia. Nililetewa Forester iliyotoa moshi wa buluu mara tu baada ya ovahoo, na mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba ringi za pistoni ni mbovu na injini ifunguliwe tena. Ringi hazikuwa na kosa. Silikoni ilikuwa imeziba njia ya kurudi, na oili ikawa inapenya kwenye sili za turbo na kuungua kwenye ekzosi.

Radieta ijazwe polepole kupitia tangi la juu, hita ikiwa imefunguliwa, ili hewa itoke. Kisha washa. Presha ya oili isipoonekana ndani ya sekunde tatu, zima. Moshi kidogo wa oili ya kufungia ni kawaida, lakini kuikanyagia injini mafuta ili mteja asikie sauti si kawaida hata kidogo. Kosa la upande wa pili ni kuiacha ikiunguruma papo hapo kwa saa nzima eti ilainike: ringi huhitaji mgandamizo wa kazi ili zikae kwenye silinda, na bila huo kuta za silinda hulainika kama kioo na oili itavuka daima.

Ikishapata joto na hakuna panapovuja, itoe barabarani. Mimi hupenda barabara ya Thika alfajiri ya Jumapili: gia ya tatu au ya nne, kutoka mizunguko 2,000 hadi 3,500 kwa dakika kwa kukanyaga kwa kiasi, kisha unaachia mafuta gari lishuke mwendo likiwa kwenye gia, na unarudia. Kupanda mlima kutoka Mai Mahiu na mzigo kungoje. Kabla ya kuzima, iache ingurume dakika moja turbo ipoe.

Tumia oili ya kawaida ya madini, si sintetiki, na uimwage baada ya kilomita 50 hadi 100. Pasua filta: vumbi laini la kijivu halinitishi, lakini vipande vinavyong'aa kama shaba hunifanya nisimamishe gari hapo hapo. Badilisha tena kwenye kilomita 500, kisha 1,500, na upime oili kwa kijiti kila unapojaza mafuta. Ikiwa baada ya kilomita 2,000 bado inakula oili, pima kompresheni ya silinda zote na ukague turbo kabla ya kumruhusu yeyote aifungue injini.