Maswali na majibu: Tomcat, WildFly au WebLogic, ipi ina kasi zaidi?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa TEHAMA wa huku Kusini, na karibu wote wana haraka moja: minada ya korosho ikifunguka Oktoba, mifumo itaelemewa. Tomcat, WildFly na WebLogic zote ni seva za kuendeshea programu za Java.

AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika) ina mfumo wa kupokea mizigo unaotumia WildFly. Kijana wetu anasema tukihamia Tomcat kasi itaongezeka maradufu. Ni kweli? (Msomaji, Masasi)

Hiyo maradufu siioni. Tomcat ni nyepesi kwa sababu imebeba machache: servleti (programu ndogo za Java zinazojibu maombi ya wavuti), kurasa za JSP zinazotengenezwa na seva, na vidogo vidogo vingine. WildFly, zamani ikiitwa JBoss AS, inakuja na mzigo mzima wa Jakarta EE, yaani viwango vya Java kwa mifumo mikubwa: miamala, foleni za ujumbe, EJB (vipande vya programu vinavyosimamiwa na seva yenyewe). Kwa hiyo Tomcat huwaka haraka na kula kumbukumbu kidogo. Ila kama kutafuta rekodi ya mkulima kwenye hifadhidata kunachukua milisekunde 400, na seva yenyewe inatumia 3, mkibadilisha seva mmeokoa nini? Anzeni na faharasa (index) za majedwali ya hifadhidata. Tena, kama programu inategemea EJB, kuhamia Tomcat ni kazi ya kuandika upya, si ya kunakili faili.

Nimepima seva mbili kwa JMeter, chombo cha kupimia seva kwa watumiaji wa bandia. Moja wastani wake ni milisekunde 120, nyingine 150. Si nichukue ya kwanza? (Msomaji, Chikongola, Mtwara)

Subiri kwanza. Chukua maombi 100: 98 yajibiwe kwa milisekunde 20, mawili yakwame sekunde 5 kila moja. Wastani wake unakaribia 120. Sasa kama ile ya pili inampa kila mtu 150, mimi naichukua hiyo bila kusita, maana wale wawili waliokwama ndio watakaopiga simu ofisini kwako. Soma mistari ya asilimia 95 na 99 kwenye ripoti, yaani muda ambao maombi 95 au 99 kati ya 100 yamejibiwa ndani yake. Wastani uachie wanaotengeneza slaidi.

Upimaji wenyewe pia una mitego. Java huanza polepole, kisha hugeuza msimbo unaotumika sana kuwa lugha ya mashine ili ukimbie, kwa hiyo matokeo ya dakika za mwanzo tupa. JMeter iendeshe bila dirisha lake la picha, na kwenye mashine nyingine, si ile ile yenye seva. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtumiaji wa bandia wa JMeter kwa kawaida husubiri jibu kabla ya kutuma ombi jingine. Seva ikiganda sekunde 10, chombo nacho kinanyamaza, na maombi ambayo wakulima halisi wangeendelea kuyatuma hayahesabiwi. Ripoti inatoka nzuri kuliko hali ilivyo.

Shikamoo. Seva yetu iko Frankfurt na mfumo ni mzito. Bosi anataka tununue WebLogic. Unasemaje? (Msomaji, Lindi Mjini)

Marahaba. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka kwetu hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 60, hata seva iwe ya nani. Ukurasa unaoita seva mara 20, moja baada ya nyingine, umeshapoteza zaidi ya sekunde njiani. Punguzeni safari hizo, au sogezeni seva karibu.

WebLogic ni seva nzuri kwa anayehitaji kuunganisha mashine kadhaa, miamala inayovuka hifadhidata zaidi ya moja, na msaada wa Oracle. Kuinunua kwa ajili ya kasi tu sishauri. Takwimu huru za kuilinganisha na seva nyingine ni adimu: leseni za Oracle zimekuwa zikizuia kuchapisha matokeo ya vipimo bila ridhaa yao.

Niliongeza maxThreads ya Tomcat (idadi ya juu ya thredi, yaani njia za kuhudumia maombi kwa wakati mmoja) kutoka 200 hadi 2,000, mfumo ukazidi kuwa mzito. Kulikoni? (Msomaji, Nachingwea)

Umepanua mlango, dirisha la karani ni lile lile. Hifadhidata ya PostgreSQL isipoguswa hupokea miunganisho 100, na HikariCP, maktaba ya Java inayogawa miunganisho hiyo, hufungua 10 tu. Thredi zako 2,000 zinagombea hiyo 10 huku zikila kumbukumbu. Rudisha 200. Ombi likichukua nusu sekunde, thredi 200 zinahudumia maombi 400 kwa sekunde, kama hifadhidata itaweza kuyabeba.

.NET na Java, ipi ina kasi? (Msomaji, Newala)

Ugomvi wa zamani huo. Sun, waliotengeneza Java, walitoa Pet Store kama mfano wa kufundishia mpangilio wa programu za Java. Microsoft wakaiandika upya kwa .NET, jukwaa lao la kuandikia programu, na kutangaza kwamba yao inakimbia zaidi. Mwaka 2002 The Middleware Company walirudia ulinganisho, .NET ikashinda, watu wa Java wakalalamika kwamba msimbo wao haukuandikwa kwa ajili ya kasi, na ikabidi kipimo kifanywe tena. Tumieni lugha ambayo fundi wenu wa Newala anaweza kuitengeneza saa nne usiku mfumo ukilala.