Majora 60 ya Babu: Mali au Deni?

SWALI: Ndugu Mhariri, babu mzaa babu yetu alikuwa na duka Mpwapwa enzi za misafara ya pembe za ndovu. Kwenye sanduku lake tumekuta karatasi ya herufi za Kiarabu. Mzee aliyetusomea anasema imeandikwa majora 60 ya merikani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), frasila 12 za pembe, mwaka 1300. Upande wa bibi mkubwa wanasema huo ni ushahidi wa utajiri wake, na kwamba sisi, wajukuu wa suria (mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke), hatukuwa na fungu. Tusaidieni kuielewa.
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Anzeni na mwaka, ndio mwepesi. 1300 ni Hijria. Ulianza Novemba 1882 ukaisha Novemba ya mwaka uliofuata. Ni wakati wa Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, miaka michache kabla Wajerumani hawajaweka kituo Mpwapwa mwaka 1887.

Sasa hesabu. Jora la merikani lilikaribia yadi 30. Doti moja ni yadi 4, shuka ni nusu yake, kwa hiyo jora lilitoa doti 7 na nusu, na majora 60 ni doti 450. Ila doti ilipimwa kwa mikono 8, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mpimaji ambaye mkono wake umepungua sentimita 3 tu, doti yake inapungua 24. Ndiyo maana wauzaji na wanunuzi waligombana kila siku juu ya nani apime. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Frasila 12 ni kama kilo 190, mizigo ya wapagazi 6 hivi, kwa kuwa mpagazi alibeba takriban frasila 2.

Kabla hamjaamini hesabu hiyo, rudini kwenye karatasi na kioo cha kukuzia. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu. Doa la wino au kinyesi cha nzi linaweza kuigeuza 6 kuwa 60, na nukta iliyofutika ikaigeuza 60 kuwa 6. Mbili na tatu nazo hufanana mkono wa mwandishi ukiwa wa haraka. Waandishi makini walijikinga: waliandika kiasi kwa maneno, kisha nusu yake pembeni. Tafuteni neno nusu. Likifuatwa na 30, majora ni 60 kweli.

Kisha ulizeni jambo ambalo familia imeliruka: karatasi inasema babu ANAZO nguo, au AMEPEWA? Biashara ya bara iliendeshwa kwa mkopo. Tajiri wa pwani, mara nyingi Mhindi wa Bagamoyo au Unguja, alitoa nguo, shanga na masango (nyaya nene za shaba) kwa bei ya juu, na mchukuaji akaahidi kuleta pembe baada ya mwaka au miwili. Wengine walichukua kwa mali kauli, yaani mali ya kuaminiana inayolipwa baada ya kuuzwa. Nguo na pembe zikiwa kwenye waraka mmoja, tunaona uwezekano mkubwa ni huo: nguo alizopewa, na pembe anazodaiwa. Msomaji wa pili atafute maneno kama deni, kulipa, muda, na majina mawili badala ya moja.

Na kulipa hakukuwa rahisi. Misafara ilipumzika na kununua chakula Mpwapwa kwa sababu mbele kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Waliivuka kwa terekeza, yaani kuondoka mchana na kulala njiani bila maji. Wakiingia Ugogo, kila mtemi alidai hongo ya nguo, kwani visima na chakula vilikuwa vyake. Mwenye doti 450 hakuvuka nazo zote. Duka la Mpwapwa lililouza mtama na uwele kwa misafara lingeweza kumlisha mtu vizuri kuliko safari ya Unyanyembe, huko Tabora.

Kuhusu suria, hapa ndugu zenu wamekosea, na kosa hili limeumiza familia nyingi. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni mtoto huru, na fungu lake ni sawa na la mtoto wa mke. Mama yake naye, akishamzalia bwana, hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mafungu yenyewe hukatwa baada ya mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi. Wake wote kwa pamoja, kama marehemu ana watoto, hupata thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kwa hiyo kama karatasi ni ya deni, lilitangulia kulipwa kabla mtu yeyote hajagusa kitu, wa bibi mkubwa au wa suria.

SWALI: Hiyo karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Tuipeleke stesheneri ikafunikwe plastiki?
Msomaji yuleyule

JIBU: Hapana, tunawasihi. Plastiki ya moto haitoki tena, na gundi ya selotepu huwa kahawia na kula wino. Nyoosheni mikunjo taratibu kwa vidole vikavu, msilowanishe, kwa sababu wino wa zamani unayeyuka. Piga picha pande zote mbili, karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, na rula kando. Kisha ilazeni ndani ya karatasi nyeupe safi, kwenye bahasha pana, ndani ya boksi lililo juu ya sakafu. Mchwa wa Dodoma hawahitaji usiku wa pili.

Picha hizo ndizo za kumpelekea msomaji wa pili, asiyewajua ninyi wala bibi mkubwa. Mwombeni asome Kiswahili cha herufi za Kiarabu: humo sauti ya "p" mara nyingi huandikwa kwa herufi ba, hivyo pembe huonekana "bembe", na mjuzi wa Kiarabu peke yake atakwama hapo.