Jabari anayefufua wafu: nilimnyang'anya fimbo, nikampa daftari

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kuandika. Unatunga hadithi ya jabari anayeteka miji ya pwani kwa jeshi la wafu, umefika sura ya saba, umekwama. Wasomaji wako wanasema hao ni mazombi wa sinema waliovishwa kanzu, na wewe mwenyewe huoni nani wa kulishinda jeshi lisilokula, lisilolala na lisilouawa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nilikwama hapohapo miaka miwili mizima, na hadithi hii naipenda kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Mimi ni wa Tanga, Ngamiani. Hadithi yangu ilianza kwa mdomo: umeme ukikatika nakaa kibarazani na watoto wa kwetu na wa majirani, nawasimulia. Jabari wangu anaitwa Sultani Sanda. Mwanzoni nilimpa vyote unavyompa wako: fimbo yenye fuvu, macho ya kijani, farasi wa mifupa mitupu. Watoto walishangilia. Usiku uleule wakaenda chooni uani peke yao bila taa. Hapo nikajua hadithi haijawashika.

Tuanze na hao mazombi. Sisi tuna msukule, na msukule hang'ati mtu. Kumbuka tulivyoambiwa utotoni: mtu anafariki, anaoshwa, anazikwa, watu wanalia, kumbe kilichomo sandani ni mgomba. Mwenyewe keshachukuliwa, kakatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analima shamba la mtu. Kinachotisha pale ni kutumikishwa. Umekufa na bado kazi haijakuachia. Na hata zombi, ukimfuata kwao Haiti, ni ndugu wa msukule. Ile ilikuwa koloni la Wafaransa, mashamba ya miwa na watumwa waliotolewa Afrika, mpaka walipojikomboa mwaka 1804. Hofu ya watu wale ilikuwa kwamba hata kifo hakitawatoa shambani. Mambo ya kung'atana na kuambukizana yameletwa baadaye na sinema za Marekani. Kwa hiyo ukiwaondolea wafu wako meno, hujawapunguzia kitu.

Tena mtu wa Tanga hana haja ya kwenda mpaka Haiti. Mkonge ulifika nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba ambayo baadaye yalifunika mkoa huu. Mashamba yakataka watu. Wakaletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, Muha kutoka Kigoma. Alituhadithia habari za kipande: kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyokwenda, au usiyomaliza kiwango chako, haiandikwi, na hulipwi mpaka kipande kijae. Alikuwa akisema mwezi wa mkonge una siku nyingi kuliko mwezi wa Mungu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa havikunjiki, vilichomwa na miba ya ncha za majani akiwa kijana.

Nikawapa wafu wangu kipande. Kila askari wa Sultani Sanda ana namba, na shingoni kaning'iniziwa kadi kwa singa ya mkonge. Kaambiwa kikijaa atarudishwa kaburini alale. Kila jioni nyapara anapita na kalamu, na kila jioni kuna siku moja haikuandikwa.

Sasa hilo la pili, la nani atalishinda. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 kila mtu wa hapa anavijua kwa ajili ya nyuki. Waingereza walishusha askari 8,000 hivi, wengi wao kutoka India, upande wa Ras Kasone. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wengine wakiletwa kwa treni kutoka Moshi. Ukihesabu vichwa tu, mji ulikuwa umekwisha. Lakini wale wageni walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wamechoka, wengi vita hawajawahi kuviona, wakaingizwa katika vichaka wasivyovijua, na risasi zilipovuruga nyuki, nyuki wakamwagika juu ya watu. Tarehe 5 walikuwa wamesharudi melini, wameacha ufukweni bunduki, bombomu na risasi tele.

Jeshi la walio hai hushindwa hivyo, kwa kiu, usingizi, woga, nyuki. Nikaiandika vita ileile upya, safari hii wanaoshuka Ras Kasone ni watu wa Sultani Sanda. Nyuki wanamwagika, wafu wanaendelea kutembea, nyuki wamejaa masikioni na puani, hakuna hata anayepunga mkono. Ni sura ninayojivunia mpaka leo. Lakini baada yake hadithi ilikufa, maana nilikuwa nimeondoa kila kitu kinachoweza kusimamisha jeshi. Nikaanza kutafuta silaha: upanga wa chuma maalumu, maji ya chemchemi, aya ya kusomwa. Nilipoteza miezi mingi huko, nakuomba usinifuate. Maiti huwezi kumuua. Kilichokuwa kinatakiwa ni kujua amesimamishwa na nini.

Jibu nililipata makaburini. Babu alipofariki, tulipomaliza kumswalia, msemaji wa familia akasimama akasema yale yanayosemwa kila msiba, tunayoyasikia bila kuyasikiliza: kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Kwa kawaida watu hunyamaza, jeneza likanyanyuliwa. Siku ile akajitokeza mzee mmoja kutoka nyuma, muuza samaki, kibaraghashia kimefifia, ndala kazishika mkononi. Akasema, "Mimi namdai shilingi elfu nne za vibua. Nimemsamehe, mbele yenu na mbele ya Mungu." Mjomba akamfuata kutaka kumlipa. Mzee akaurudisha mkono wa mjomba na pesa zake, akaufumba kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimesimama karibu, nikayaona mabega ya mjomba yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Usiku ule sikulala. Kumbe wafu wangu walikuwa wamesimamishwa na deni.

Nikamwandika Sultani Sanda upya kuanzia mwanzo. Fimbo nikaitupa. Sasa alikuwa karani wa duka Pangani, na silaha yake ni daftari refu lenye jalada la kitambaa chekundu, la aina ile ya maduka ya zamani ya Kihindi, linalofungwa kwa uzi. Hapigani kwanza. Anapita mji mzima akinunua madeni ya waliokufa, kwa robo ya thamani. Na watu wanauza! Deni la maiti ulikuwa umeshalikatia tamaa, anakuja mtu mstaarabu na fedha mkononi, utakataa? Akishakuwa na karatasi anakwenda makaburini usiku, anasoma jina, anasoma kiasi, anasoma jina la aliyeuza. Ardhi inapasuka. Hahitaji kubomoa ukuta wa mji kwa kuwa jeshi lake tayari limelala ndani ya ukuta, na limeuzwa na wenyeji wenyewe.

Ona kanuni moja inavyokufanyia kazi. Maskini asiyekopesheka hafufuki. Walio mstari wa mbele ni matajiri wa jana, wenye majumba ya milango ya kuchongwa, kwa kuwa ndio waliokuwa wakikopa sana. Aliyetangaziwa deni lake likasamehewa, Sultani Sanda anasoma mpaka koo linakauka na kaburi halitikisiki. Mji unaweza kujua, kwa kutazama makaburi tu, nani alizikwa kwa haraka.

Nilipoisimulia hivyo kibarazani hakuna aliyeshangilia. Binti mmoja wa miaka tisa akaniuliza, "Mjomba, na bibi yangu yumo?" Bibi yake alikuwa amefariki Ramadhani iliyopita. Nilishindwa kumjibu. Asubuhi mama yake akanijia, nikadhani anakuja kunigombeza. Akaniambia mtoto kamshika mkono tangu alfajiri, wakaenda dukani kuuliza kama bibi alikuwa na deni. Lilikuwepo, shilingi mia saba za unga. Wakalipa.

Basi anayemshinda Sultani Sanda kwangu ni mama muuza maandazi, Mwanaidi. Anapita nyumba kwa nyumba mbele ya jeshi linalokuja, akiwaomba waliouza madeni warudishe fedha na wasamehe. Kila mmoja anaposamehe, huko barabarani askari mmoja anatoka kwenye mstari, anakaa chini, anajilaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Na wapo wanaokataa. Ndugu aliyedhulumiwa shamba na kaka yake, mke aliyeachiwa watoto sita na mikopo. Hao ndio sura zako za nane mpaka ishirini, mkuu. Usiwafanye wabaya. Mmoja wao kwangu ana haki kabisa ya kukataa, na jeshi lilipita mlangoni kwake, mumewe akiwa mmoja wa askari.

Tahadhari moja. Rasimu yangu ya kwanza niliwafufua wafu Tongoni, pale njia ya Pangani, kwa kuwa mahali penyewe panavuta: msikiti wa kale, makaburi 40 hivi, mengine yenye nguzo, na kwenye nguzo vishimo vya duara ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya kauri. Mzee wa huko aliponisikia aliniuliza kwa upole kama ningependa mama yangu atembezwe hivyo kwenye hadithi ya mtu. Watu bado wanakwenda pale kuomba dua. Nilifuta yote, nikatunga mji wangu. Ukitumia magofu ya Kaole huko Bagamoyo utakutana na swali hilohilo.

Jambo hilo lilinifungua macho upande mwingine pia. Kuelekea Vita vya Majimaji vya mwaka 1905, kule Ngarambe, mganga Kinjikitile aliwaambia watu kwamba wazee waliokufa watarudi, na watu wakapata moyo wa kumkabili Mjerumani. Kwetu wafu kurudi lilikuwa tumaini. Kwa hiyo wasikie wafu wako uchungu. Mmoja wa askari wangu anapita mbele ya nyumba yake mwenyewe, anaona mlango umebadilishwa rangi, na miguu haimruhusu kusimama.

Umeuliza pia jabari afe vipi. Wangu alianza siku aliyomzika baba yake usiku, bila tangazo, kwa aibu ya madeni. Wadai wakachukua nyumba kesho yake, naye akaajiriwa kuandika daftari la mmoja wao. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake ni wa baba, na ndio pekee ambao hajawahi kuusoma kwa sauti. Katika sura ya mwisho jeshi limeisha, amebaki peke yake sokoni. Anatokea mzee muuza samaki, ndala mkononi. Anamwambia baba yako namdai. Sultani Sanda anafungua uzi, anatafuta jina la mzee kwenye ukurasa ule, na kalamu inatetemeka.