Maswali ya Wasomaji: Nambari ya Leo Ilizaliwa Lini?

Barua nne za mwezi huu zimeangukia jambo moja, nalo ni namna takwimu za afya zinavyofuata nyayo za janga linapoenea nchini. Barua tumezifupisha; majibu hayakukubali kufupishwa kwa kiasi hicho hicho.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa skuli moja hapa Wete. Wakati wa korona nilikuwa nikiandika katika daftari takwimu zilizosomwa redioni, pamoja na tarehe zake, na sasa nazitumia kuwafundishia wanafunzi wangu grafu. Wameniuliza maswali mawili yaliyonishinda. Kwa nini hesabu za nchi nyingi hupanda siku moja na kuporomoka siku ya pili, ilhali ugonjwa haupandi wala haushuki hivyo? Na mbona mstari wa Tanzania unafika watu 509 kisha unanyooka kama rula?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Umefanya vyema kuandika tarehe, maana bila ya tarehe daftari hilo lisingekuwa na kazi leo. Tuanze na nambari yenyewe. Wale wanaotajwa kuwa "wagonjwa wapya wa leo" si watu walioambukizwa leo. Ni watu waliopita milango kadhaa hadi kufika katika ripoti: mtu kaambukizwa, kaona dalili, kaona kwamba dalili hizo zinastahili nauli ya kwenda hospitali, kakuta kipimo kipo, sampuli yake imefika maabara, maabara imetoa jibu, na jibu limeandikwa panapostahili. Virusi vya korona vilivyoanza 2020 vilikuwa vikichukua kwa wastani siku tano au sita tangu kuambukizwa hadi dalili kujitokeza, na wakati mwengine hadi siku 14. Ukiongeza siku za kungoja nyumbani ukinywa maji ya tangawizi, na siku za sampuli kusafiri, ambazo kwa watu wa visiwani aghalabu zina bahari ndani yake, utaona kwamba nambari iliyosomwa leo ilizaliwa wiki moja au mbili nyuma. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo mtaalamu hujiuliza akipewa takwimu ni hili: hii ni tarehe ya kuanza dalili, ya kupimwa, au ya kutangazwa? Ugonjwa ule ule, ukichorwa kwa tarehe hizi tatu, hutoa grafu tatu zisizofanana.

Kuhusu kupanda na kushuka, nikueleze nililoliona. Niliwahi kukaa asubuhi ya Jumatatu katika kituo kimoja cha afya cha shamba, muuguzi akitayarisha hesabu ya wiki. Alikuwa na daftari kubwa la wagonjwa wa nje mkono wa kushoto na karatasi mkono wa kulia, akichora vijistari vinne vinne na cha tano akikilaza juu yao, kisha akianza fungu jipya. Alipofika Jumamosi akakuta ukurasa haupo: siku ile daftari lilikuwa limefungiwa katika kabati, ufunguo ukaondoka na mwenyewe, na wagonjwa wakaandikwa katika karatasi ya pembeni. Aliitafuta karatasi, akaiona chini ya boksi la glavu, na kwa kuwa gari la kuchukua ripoti lilikuwa limeshapiga honi, akawajumlisha wagonjwa wa Jumamosi pamoja na wa Jumatatu. Katika grafu ya wilaya, Jumatatu ile ilikuwa mlima. Ugonjwa wenyewe haukuwa na habari.

Simcheki muuguzi yule, kwani Uingereza, pamoja na kompyuta zake zote, ilipoteza wagonjwa 15,841 kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, kwa sababu matokeo ya maabara yaliingizwa katika faili la Excel la aina ya zamani lisilochukua zaidi ya mistari 65,536, na yaliyozidi yakakatika kimya kimya. Walipoonekana wote kwa pamoja, wakaongezwa katika hesabu za siku mbili, na aliyesoma vichwa vya habari tu alidhani nchi imewaka moto kwa usiku mmoja. Mlima wa namna nyengine ulitokea mkoa wa Hubei, Uchina, ambao tarehe 13 Februari 2020 ulitangaza wagonjwa wapya 14,840. Wengi wao walihesabiwa siku hiyo kwa sababu kanuni ilibadilishwa: mbali na waliothibitishwa na maabara, wakaanza kuhesabiwa pia waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu. Kanuni ya nani aitwe mgonjwa ikibadilika, grafu ya kabla na ya baada haziunganiki, hata zikichorwa kwa mstari mmoja.

Dawa nyepesi ya mabonde ya mwisho wa wiki ni wastani wa siku saba. Waambie wanafunzi wachukue hesabu ya siku na za siku sita zilizoitangulia, wajumlishe, wagawe kwa saba, kisha wasogee siku moja mbele na kurudia. Kila wastani utakuwa na Jumamosi moja na Jumatatu moja ndani yake, na karatasi ya chini ya boksi haitaweza tena kuwatisha.

Sasa tuje katika 509. Kisa cha mwanzo cha Tanzania kilitangazwa tarehe 16 Machi 2020, cha msafiri aliyepimwa Arusha, na tarehe 18 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza vyengine viwili, kimoja kikiwa hapa Zanzibar. Takwimu za Bara zilitolewa kwa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili. Zanzibar ikatoa zake mwanzoni mwa Mei, na hapo jumla ya nchi ikawa wagonjwa 509 na vifo 21. Nambari hizo zilikaa katika majedwali ya Shirika la Afya Duniani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hapa, Mwalimu, pana somo zuri la grafu. Ukichora jumla ya wagonjwa wote tangu mwanzo, mstari hauwezi kushuka kamwe. Unaweza kupanda tu, au kunyooka. Na kunyooka kuna maana mbili: ama hakuna mgonjwa mpya, ama hakuna ripoti mpya. Penseli haitofautishi. Katika jedwali la watu wa takwimu, siku isiyo na mgonjwa huandikwa sifuri, na siku isiyo na ripoti huachwa tupu, na mwenye kuijaza nafasi tupu kwa nambari ya jana ameshauingiza uongo katika grafu bila ya kukusudia.

Na mwisho, wafundishe kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko hesabu ya wagonjwa, nacho ni uwiano wa waliokutwa na virusi kati ya waliopimwa. Tuseme, kwa mfano tu, kituo kimepima watu 200 wiki ya kwanza na 10 wakakutwa nao. Wiki ya pili vipimo vimeadimika, wamepimwa 60, wamekutwa nao 9. Atakayesoma idadi peke yake atasema ugonjwa umepungua, kutoka 10 hadi 9. Uwiano unasema vyengine: umetoka asilimia 5 hadi asilimia 15. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba uwiano huo uwe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kabla ya nchi kulegeza masharti. Nao una udhaifu wake, kwa mfano pale wasafiri wenye afya wanapopimwa kwa wingi kwa ajili ya cheti cha kupandia ndege, wakaushusha uwiano wa mji mzima. Ndiyo maana inafaa hesabu ya uwanja wa ndege na ya hospitali ziwekwe mbali mbali.

SWALI: Nilikuwa sheha, sasa nimestaafu, naishi Makunduchi. Kwetu mtu akifa asubuhi huzikwa kabla ya alasiri, na wengi hufia nyumbani. Hao wataalamu wanajuaje nani kafa kwa janga na nani kwa ajali yake nyengine?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Kwa mtu mmoja mmoja, mara nyingi hawajui, na hawajidai kujua. Wanachofanya ni kuacha kuuliza sababu na kuhesabu maiti wote. Ikiwa mahali fulani hufa watu 100 kila Juni kwa miaka mitano, na Juni ya janga wakafa 160, wale 60 huitwa vifo vya ziada, vikiwemo vya waliouawa na ugonjwa wenyewe na vya waliokosa huduma kwa sababu hospitali zimejaa. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria, Mei 2022, kwamba 2020 na 2021 duniani kulikuwa na vifo vya ziada milioni 14.9, wakati vilivyoripotiwa rasmi kuwa vya korona vilikuwa kiasi cha milioni 5.4.

Hesabu hii, hata hivyo, haiwezekani bila ya kujua kwanza kawaida ya watu wa mahali hapo kufa, na wewe uliyekuwa sheha unajua tatizo lilipo. Zanzibar tuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya 2018, lakini familia nyingi hukumbuka cheti cha kifo pale mirathi inapogawiwa au fedha za benki zinapokwama. Kifo cha leo kinaweza kusajiliwa baada ya mwaka, na kwa anayefuatilia janga kifo kilichosajiliwa mwakani ni sawa na barua iliyofika baada ya harusi. Nilipokuwa nikilifikiria swali lako nilikumbuka Aden, mji ambao wazee wetu waliujua kwa majahazi. Huko vita viliharibu usajili, na watafiti wakahesabu makaburi mapya kwa picha za satelaiti. Walikadiria kwamba kati ya Aprili na Septemba 2020 mji ule ulikuwa na vifo vya ziada zaidi ya 2,000. Huku kwetu, kwenye makaburi ya shamba yaliyofunikwa na miembe na minazi, sidhani kama satelaiti ingeona kitu. Daftari la sheha lingeona.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Chake Chake. Katika taarifa za magonjwa Mjini Magharibi daima inatuzidi kwa wagonjwa. Je, ni kweli Pemba ugonjwa huwa mdogo?

JIBU: Huenda, lakini idadi hiyo haikuambii. Kwa sensa ya 2022 Mjini Magharibi kuna watu 893,169, na Mkoa wako wa Kusini Pemba una 271,350. Tuseme wiki moja wao wana wagonjwa 90 na nyinyi 40. Gawa kila idadi kwa wakaazi wake, kisha zidisha kwa 100,000: wao wanapata karibu 10, nyinyi karibu 15. Waliokuzidi kwa wagonjwa wamekuwa nyuma yako. Kabla ya kupiga mbiu, uliza pia kila mkoa umepima watu wangapi.

SWALI: Nasomea uuguzi, nakaa Tunguu. Mifano tunayofundishwa ni ya London na Geneva. Je, sisi visiwani hatujawahi kufuatilia ugonjwa kwa takwimu zetu?

JIBU: Tumewahi, na zamani, binti yangu. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar 1869, alikuwepo hapa tabibu Mskochi, James Christie, aliyekuwa daktari wa Sultani. Hakutosheka kuhesabu wafu wa mjini. Alikusanya habari kutoka kwa watu wa misafara na wa vyombo, akaunganisha njia ya ugonjwa kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani na kuvuka kuja kisiwani, na 1876 akaichapisha London. Grafu zake zilikuwa maneno ya wasafiri, lakini alifanya kile kile tunachokifanya leo: mahali, tarehe, na aliyetoka wapi kwenda wapi.

Mfano wa karibu zaidi ni malaria. Baada ya malaria kupungua sana hapa Zanzibar, ripoti ya mwezi ikawa haifai tena, kwani mlipuko mdogo ungekuwa umeshaenea shehia tatu kabla ya karatasi kufika mjini. Mwaka 2008 vituo 10 vikaanza kutuma hesabu kila wiki kwa simu ya mkononi: waliohudhuria, waliopimwa malaria na waliokutwa nayo, wa chini ya miaka mitano wakihesabiwa mbali na waliozidi umri huo. Baadaye vikaongezwa vituo vyengine. Tangu 2012 mgonjwa mmoja tu akionekana, afisa wa wilaya humfuata hadi nyumbani akiwa na tableti yake, akawapima walio chini ya paa lile na kumuuliza mgonjwa kama karibuni alilala nje ya Zanzibar; na wengi hujibu kwamba wametoka Bara.

Katika mpango huo kuna jambo moja ambalo natamani mwalimu wa Wete alisome pia. Kituo ambacho wiki nzima hakikuona mgonjwa hata mmoja wa malaria nacho hutakiwa kutuma ujumbe wake kama vyengine. Kinatuma sifuri.